Kadi Ndani ya Biblia

Nitaanza na ile fomu, kwa sababu kabla ya fomu nilikuwa mtu anayelala usingizi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa Newburg, Louisville, kwenye meza yangu ya jikoni. Binti yangu Hadassa alikuwa ametoka Columbus na gari lake, mwendo wa zaidi ya saa tatu, aje kunijazia maombi ya uraia. Miaka kumi nimeishi Marekani kwa kadi ya kijani, na kila mwaka nilisema mwakani, maana mtihani ni wa Kiingereza na Kiingereza changu ni cha ghala: boksi, leba, haraka, mapumziko. Safari hii Hadassa alikasirika. Alisema nisipoomba sasa, jinsi wanavyokamata watu, nitakuja kulia. Basi tukakaa, yeye anasoma maswali kwenye kompyuta, mimi najibu huku nachambua maharagwe.

Maswali yale yanachekesha. Umewahi kuwa mlevi? Umewahi kuolewa na watu wawili kwa wakati mmoja? Nikamwambia aandike kwamba hata yule mmoja niliyempata Mungu alimchukua mapema. Akacheka. Halafu akasoma lingine, upesi upesi, kama mtu anayejua jibu: umewahi kujiandikisha kupiga kura Marekani, au kupiga?

"Ndiyo," nikasema. "Nilipiga. Kadi niko nayo."

Nikaenda chumbani kuchukua Biblia. Kadi ilikuwa katikati ya Zaburi, ndani ya nailoni, haina hata kunyanzi. Nikaiweka mezani mbele yake kwa fahari, nikangoja anisifu.

Hadassa hakuigusa.

"Mama. Hii kadi ulipata wapi?"

"Kwa ofisi ya leseni ya gari. Yule mama aliniuliza kama niko nataka, nikasema yes."

"Na ulipiga kweli?"

"Mara moja tu. Ile ya President. Mujomba wako alisema kila mwenye kadi apige."

Akafunga kompyuta, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Alisema kitu kwa Kiingereza, akaona sijaelewa, akarudia polepole. "Mama, hapa kura ni ya raia peke yake. Weye hauko raia. Hii ni kosa ya kufukuza mutu."

Nikaivuta kadi, nikairudisha ndani ya Zaburi.

Wewe unayesoma utasema mimi ni mjinga. Ngoja kwanza. Kwetu Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chenyewe. Unaionyesha benki, unaionyesha kwa askari barabarani, unaionyesha ukinunua laini ya simu. Kura ni jambo la siku moja, kadi unatembea nayo miaka. Asiye nayo hahesabiki kuwa mtu wa pale, na mimi sikuwa nayo. Mwaka ule wa kuandikisha watu niliteremka kutoka milima ya Minembwe hadi Uvira, siku tatu kwa miguu, Hadassa mgongoni. Nikapanga foleni tangu alfajiri. Karani aliandika jina langu, Bamurange, kisha akainua macho, akaiangalia pua yangu, akauangalia urefu wangu. Akachukua rula. Akalikata jina kwa mstari mmoja ulionyooka, akasema nyinyi si Wakongomani, rudini kwenu Rwanda. Rwanda sijawahi kukanyaga. Mwaka uliofuata tulivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, na nyumba zetu zilikuwa zinawaka.

Kwa hiyo mwanamke wa ofisi ya leseni aliponiuliza kama nataka kuandikishwa, mkalimani kwenye simu hakumaliza hata sentensi. Nilisema ndiyo. Nilitia sahihi pale aliponionyesha kwa ukucha wake mrefu. Kadi ilipofika kwa posta nililia, nikasema nchi hii imeniandika.

Na nilimpigia nani? Nitasema, kwa sababu sioni tena faida ya kuficha. Kaka yangu mkubwa, Ruhimbika, ni mzee wa kanisa huko Buffalo. Alirekodi sauti kwenye WhatsApp, ikazunguka makanisa yetu yote, Louisville, Columbus, Buffalo. Alisema tuchague wale wanaolinda familia, mume na mke, wanaokataa kutoa mimba, wasioona haya kumtaja Mungu. Nikawapigia hao, karatasi nzima, juu hadi chini. Hao ndio sasa wanaokamata watu. Hadassa alikuwa ameniambia mwaka mzima: Mama, wale hawakuoni wewe kuwa familia, wanaona mgeni mweusi. Nikamjibu kwamba chuo kimemharibu.

Kuanzia Jumamosi hiyo woga ulihamia kwangu na mizigo yake yote. Gari jeupe likisimama mbele ya jengo, nilizima redio. Kazini msimamizi akiita jina langu, jasho lilinitoka hadi kwenye soksi, kumbe anataka nihamie mstari wa tatu. Jirani alibisha hodi kurudisha sufuria yangu, nikakaa sakafuni nyuma ya kochi mpaka akachoka akaiacha mlangoni. Mtu mzima wa miaka hamsini, nyuma ya kochi. Wiki ya pili Hadassa alikuja akanichukua, nikaomba ruhusa kazini, tukaenda kwake Columbus.

Anakaa Linden, nyumba ya kupanga yenye baraza la mbao linalolia ukilikanyaga. Kitu cha kwanza nilichofanya, na woga wangu wote, ni kuchungulia kabati kama kuna nguo za mwanaume. Hazikuwapo. Lamont alikuwa anakaa kwa mama yake, mtaa wa pili.

Huyu Lamont ni mchumba wa Hadassa. Ni Mmarekani mweusi, anaendesha basi la jiji, ni mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti. Nilikuwa nimekataa kumpokea mwaka mzima, wala hakuwa amenikosea. Ruhimbika alisema watu wale hawana familia, sisi na wao si kitu kimoja, na mzungu anajua kututofautisha. Nikaitikia. Lamont aliposikia kwamba kwetu posa ni ng'ombe, aliuliza Ohio ni nani anauza ng'ombe mmoja mmoja. Nikaona ananidhihaki. Baadaye nilijua alikuwa ameshampigia mkulima.

Hadassa alinipeleka kwa wakili, mwanamke mwembamba aliyekunywa maji muda wote. Hakunificha. Alisema fomu ya uraia isiende popote kwanza. Alisema niandike barua jina langu litolewe kwenye orodha ya wapiga kura, na nisipige tena maishani mwangu mpaka niwe raia. Kuna watu wa kosa hili waliosamehewa, kuna waliorudishwa makwao. Nikamuuliza mimi makwetu ni wapi. Hadassa alitafsiri, wakili akanywa maji. Mwisho akasema nisimsimulie mtu yeyote.

Jioni Lamont alikuja na kuku wa kukaanga. Aliomba kuiona kadi, akaishika pembeni kwa vidole viwili, akaanza kusimulia, Hadassa akitafsiri. Bibi yake, huko Alabama, alikwenda kujiandikisha kupiga kura akiwa msichana. Karani alimuuliza kipande cha sabuni kinatoa mapovu mangapi, na kwa kuwa hakujua, akarudishwa nyumbani. Alirudi mara nne. Nikamuuliza Hadassa kama ametafsiri vizuri. Alisema ndiyo, mapovu. Basi nikamwambia Lamont habari za rula. Hakusema pole. Alisema tu, "Kwa mstari ulionyooka?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akanirudishia kadi.

Siku ya tatu Ruhimbika akapiga simu. Sijui nani alimwambia kwamba nimeacha kazi kwa muda; watu wetu wana simu nyingi kuliko vyombo. Sikuweza kumficha habari ya kadi, akaniamuru niende Buffalo, kikao cha familia, na niende nayo. Tangu mume wangu afariki, kaka yangu ndiye baba yangu. Akisema njoo, mimi nafunga mkoba. Hadassa hakutaka niende peke yangu, na Lamont akasema gari la Hadassa halifai kwa safari ndefu, ataendesha lake.

Tulikuwa tumepita Cleveland wakati gari la polisi liliingia nyuma yetu. Halikuwasha taa. Lilitufuata tu. Lamont alinyamaza katikati ya neno. Akaweka mikono miwili juu ya usukani, vidole vimekunjuka, akamwambia kitu Hadassa bila kugeuza shingo.

"Mama," Hadassa akasema, "anasema uache mikono yako juu ya magoti. Usifungue sakoshi."

Biblia ilikuwa ndani ya mkoba na kadi ndani ya Biblia. Nilihisi kama ile kadi inaonekana kupitia ngozi. Nikamwangalia Lamont kwenye kioo. Jasho lilikuwa linamshuka pembeni ya sikio, na yeye ni raia, bibi yake raia, amezaliwa hapa, hana kadi yoyote ya kuficha. Nilijua lile jasho. Ni langu la nyuma ya kochi. Mzungu anajua kututofautisha, kaka yangu alisema. Yule polisi alitufuata hadi njia ya kutokea ya pili, akatupita, akaenda zake.

Ruhimbika amenunua nyumba Black Rock, karibu na mto, nyumba ya zamani aliyoipiga rangi yeye mwenyewe. Alimpa Lamont mkono bila kumtazama, akamwambia akae karibu na mlango. Mke wake akaleta chai. Kando ya kikombe changu palikuwa na sahani tupu na kibiriti.

"Bon," Ruhimbika akasema. "Leta ile kadi. Tutaichoma, maneno itaisha. Siku bakikuuliza, unasema haujapigaka kura."

"Mujomba, jina iko mu ordinateur, mu kompyuta yao," Hadassa akasema. "Kuchoma karatasi haitaondoa kitu. Na akidanganya, ile uongo ni kosa ingine."

"Donc leo batoto ndio banatufundisha?"

"Mi sifundishe. Wakili ndiye alisema."

"Wakili wa kwenu. Wa mambo yenu ya mu barabara, ya kubeba mabango." Akamnyooshea kidole Lamont, ambaye hakuelewa neno hata moja lakini kidole alikielewa. "Kama mungeliheshimu bazazi, haya yote hayangekuja."

Nilikuwa nimeshika Biblia kwa mikono miwili. Kaka yangu ndiye aliyetusomea Amri Kumi kule mlimani, jioni baada ya jioni, na sasa ananifundisha uongo juu ya sahani ya chai. Mtoto niliyemwambia kwamba amepotea ndiye anayenikataza kudanganya. Nilitamani kumtii kaka yangu, nisikufiche. Kibiriti kilikuwa karibu na kingenipa usingizi wa siku mbili tatu. Lakini mkono haukuinuka.

Alipoona sitoi, alisema nitoke naye tutembee. Tukashuka hadi mtoni. Ni mto mpana, wa kasi, maji ya rangi ya chuma.

"Ile ngambo ni Kanada," akasema. "Unaona ile miti? Ruzizi tulivuka bila daraja."

"Ruzizi nilikuwa na miaka makumi tatu. Sasa goti moja imekufa. Na wakili alisema kule batanirudisha hapa hapa, mu mikono ya bale bale."

Akageukia maji. Nilidhani anatafuta hoja nyingine, kumbe kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku tulipomzika baba.

"Bamurange, ile sauti ni yangu. Ilizunguka kote. Bakiisikiliza, batasema mimi ndiye nilituma batu. Hata uraia wangu batanyanganya."

"Ni bangapi bamepiga bila kuwa raia?"

"Sikuuliza. Niko naogopa kuuliza."

Tulirudi nyumbani kwake. Nilikuwa nimekuja nikitafuta mahali pa kujificha nyuma ya kaka yangu, nikamkuta naye anatafuta nyuma ya nani ajifiche.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mlangoni kwa kanisa nilikutana na Adolphine, tuliyeimba naye kwaya kambini Burundi. Anafanya kazi ya kulea wazee, mgongo umeanza kupinda. Alinikumbatia, akauliza habari za Louisville, kisha akasema mwezi wa kumi na moja kuna kura nyingine, na yeye yuko tayari. Akafungua zipu ya jalada la Biblia yake kidogo, anionyeshe. Nailoni ileile. Kadi yake haikuwa na kunyanzi.

"Uko raia?" nikamuuliza.

"Bado. Lakini kadi si niko nayo?"

Tuliingia, tukaimba, mimi sikusikia hata wimbo mmoja. Nilikuwa nahesabu Biblia zenye zipu. Ukifika wakati wa ushuhuda kwetu, yeyote anaweza kusimama: aliyepona, aliyepata kazi, aliyeota ndoto. Wakili alisema nisimsimulie mtu. Katika watu mia, mmoja wa kuongea vibaya anatosha. Akinitaja tu mahali, nimekwisha, narudi kule ambako hawanitaki, na Hadassa ataolewa mimi sipo. Nikasimama.

Ruhimbika alikuwa mbele, kiti cha wazee. Alitikisa kichwa kidogo sana: hapana. Pembeni ya mimbari palikuwa na simu juu ya miguu mitatu, ibada inaenda Facebook moja kwa moja. Nikamwambia Hadassa kwa sauti, "Zima ile." Akaenda akaizima. Watu wakageuka kunitazama, maana kwetu anayetoa ushuhuda ndiye hupenda kamera kuliko wote.

Niliwaambia yote. Rula, ofisi ya leseni, kura, wakili, kochi. Sauti yangu ilikuwa inakatika na sikuitengeneza. Niliwaambia mwenye kadi na si raia asirudi kupiga, aende kwa wakili, aombe jina litoke. Sikumtaja kaka yangu. Nilipokaa hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa Kiingereza, mama yake akamfumba mdomo.

Kisha nikasikia zipu. Ni Adolphine. Alitoa kadi yake akaishika mapajani, akiitazama. Nyuma yangu zipu nyingine. Upande wa wanaume pia. Hawakuinua kadi juu, walizitoa tu, na kila aliyetoa alikuwa ananyong'onyea kama aliyepokea majibu ya hospitali. Mzee Rurangwa, ambaye karibu hajui kusoma, alimpa kijana wa pembeni yake amsomee imeandikwaje.

Ruhimbika akasimama. Nilidhani atanikana mbele ya watu wote, na sijui kama ningemlaumu. Alishika ukingo wa mimbari.

"Ile sauti mulisikiaka kwenye simu," akasema, "ni yangu. Mimi ndiye niliwambia mupige. Sikuuliza nani ni raia." Akakaa.

Baada ya ibada meza iliwekwa chumba cha nyuma. Hadassa aliandika barua ya kwanza, ya kuomba jina litolewe, halafu akainakili kwa kila mtu. Wengine waliondoka bila kuongea na mtu, na hao ndio ninaowawaza mpaka leo. Waliobaki walipanga foleni. Lamont aligawa kalamu na kuwaletea wazee viti. Adolphine alimtazama, akaniuliza huyu mwanaume ni nani.

"Mukwe wangu," nikasema. Hadassa alisikia, kalamu ikasimama, kisha ikaendelea.

Zamu yangu ilipofika, Ruhimbika alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Hakuna mtu katika chumba kile aliyejua nani atabisha mlango wake kesho. Hadassa alinionyesha mahali pa kutia jina. Kule Uvira mtu mwingine alinikatia jina. Hapa nilipewa kalamu. Niliandika Bamurange polepole, herufi zote zikisomeka, ili wasije wakakosea wakamkata mtu mwingine.